Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusimamia Masafa ya Prosesa na Matumizi ya Umeme kwa Amri za Terminali

Maswali haya hurudi kila mara mtu anapofungua terminali akitaka kompyuta mpakato isichemke, betri idumu, au seva ijibu haraka. Majibu yanahusu Linux, isipokuwa pale mfumo mwingine unapotajwa. Msimamo wetu ni mmoja: pima kwanza, badilisha kitu kimoja, kisha pima tena. Anayebadilisha vitu vitano kwa mkupuo hajui kilichomsaidia wala kilichomharibia.

## Mambo ya msingi

Kwa nini masafa ya prosesa hupanda na kushuka bila mimi kugusa chochote?

Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde, na prosesa za sasa hazipigi kwa kasi moja ya kudumu. Kuna kiwango cha chini, ambacho kwenye kompyuta mpakato nyingi ni megahezi 400 au 800. Kuna kasi ya kawaida iliyotangazwa na mtengenezaji. Juu yake ipo turbo, inayotolewa kwa muda pale joto na umeme vinaporuhusu. Ukiona namba zinarukaruka, prosesa inafuata mzigo wa kazi. Cha kutia wasiwasi ni namba isiyosogea kabisa. Tazama swali la megahezi 400 hapa chini.

Je, nikishusha masafa nitaokoa umeme?

Inategemea unashusha kutoka wapi. Umeme unaoliwa na saketi za prosesa zikiwa kazini hulingana na masafa mara mraba wa volti. Masafa yakipanda, volti nayo hulazimika kupanda, kwa hiyo megahezi mia chache za mwisho za turbo ni ghali kuliko zote zilizotangulia. Ukizikata hizo, joto hupungua sana na kazi huchelewa kidogo tu.

Upande wa chini hesabu hugeuka. Kazi ikichukua muda mara tatu, RAM, skrini na sehemu nyingine zote zilizo macho huendelea kula umeme kwa muda huo wote. Mara nyingi ni nafuu prosesa imalize upesi na kulala usingizi mzito kuliko kujikokota kwa megahezi 800. Kwa hiyo kata kilele, lakini usiigandishe prosesa kwenye kasi ya chini. Ushauri wa kuibana hadi chini kabisa ili betri idumu umeenea mno, na mara nyingi huleta kinyume chake.

Nani hasa anayeamua masafa?

Wako watatu. Kwanza ni kiendeshi ndani ya kerneli (moyo wa mfumo wa Linux, unaoongoza vifaa), kinachojua kuzungumza na prosesa yako: `intel_pstate` kwa Intel za tangu kizazi cha Sandy Bridge, `amd-pstate` kwa AMD mpya (kiliingia kwenye kerneli 5.17 mwaka 2022), na `acpi-cpufreq` kwa nyingine nyingi. Pili ni kidhibiti, kile kinachoandikwa kwenye faili la `scaling_governor`, chenye sera ya lini kasi ipande na lini ishuke. Tatu ni prosesa yenyewe. Intel za tangu kizazi cha Skylake na AMD mpya zinaweza kujichagulia kasi; kerneli ikitumia uwezo huo, inatoa tu mipaka na mwelekeo. Vifaa ndivyo vinavyochagua kasi.

Ukimsahau huyu wa tatu, utajiuliza maswali mengi yasiyo na jibu.

Vidhibiti vinatofautianaje?

`performance` huomba kasi ya juu muda wote. `powersave` huomba ya chini muda wote, isipokuwa kwenye viendeshi vinavyoachia vifaa uamuzi (lina swali lake). `ondemand` hupandisha haraka mzigo ukija. `conservative` hupandisha hatua kwa hatua. `userspace` hukuachia wewe uandike kasi unayotaka. `schedutil`, iliyoingia na kerneli 4.7 mwaka 2016, hutumia takwimu za mpangaji kazi wa kerneli mwenyewe, na ndiyo tunayopendekeza ikiwa kiendeshi chako kinaikubali.

## Kusoma na kupima

Nianze na zana ipi?

`cpupower`. Hutunzwa ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, kwa hiyo huenda sambamba nayo. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa `linux-cpupower`, kwenye Fedora `kernel-tools`, kwenye Arch `cpupower`. Kwenye Ubuntu unahitaji `linux-tools-common` pamoja na kile kinachofuata kerneli unayotumia:

```
sudo apt install linux-tools-common linux-tools-$(uname -r)
```

Kerneli ikisasishwa na `cpupower` ikalalamika kwamba haipo, rudia amri hiyo.

Maelezo mengi yanataja `cpufreq-info` na `cpufreq-set`. Bado zinafaa?

Hizo ni za `cpufrequtils`, zana iliyozaa `cpupower`. Zitumie ukiwa kwenye mfumo wa zamani tu.

Nasomaje matokeo ya `cpupower frequency-info`?

Hiki ni kipande cha matokeo ya kompyuta mpakato yenye Intel:

```
analyzing CPU 0:
  driver: intel_pstate
  hardware limits: 400 MHz - 4.20 GHz
  available cpufreq governors: performance powersave
  current policy: frequency should be within 400 MHz and 2.80 GHz.
                  The governor "powersave" may decide which speed to use
                  within this range.
  current CPU frequency: 1.10 GHz (asserted by call to kernel)
  boost state support:
    Supported: yes
    Active: yes
```

Anza na mstari wa `driver`, kwa sababu ndio unaokuambia ushauri upi unakuhusu. Kisha linganisha `hardware limits` na `current policy`. Hapa vifaa vinaweza kufika gigahezi 4.2, lakini sera inaishia 2.8: kuna mtu au programu iliyoweka kikomo. Mtu anayelalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito ghafla mara nyingi atapata jibu kwenye mistari hiyo miwili.

Mstari wa `CPU 0` nao usiupite. Amri hii husoma kiini (core) kimoja tu cha prosesa. Ukitaka vyote, andika `cpupower -c all frequency-info`.

Kwa nini `/proc/cpuinfo` inaonyesha namba moja na `turbostat` nyingine?

Kwa sababu zinapima vitu tofauti. Namba ya `/proc/cpuinfo`, kama ile ya `scaling_cur_freq`, ni ya wakati mfupi, na kuisoma kwenyewe ni kazi inayoishughulisha prosesa. Ukiendesha `watch -n 0.1` juu yake, sehemu ya kasi unayoiona umeisababisha wewe.

`turbostat` hupima wastani wa kipindi, kwa kawaida sekunde 5:

```
sudo turbostat --quiet --Summary --show Busy%,Avg_MHz,Bzy_MHz,PkgTmp,PkgWatt
```

`Bzy_MHz` ni kasi ya wastani prosesa ikiwa macho. `Avg_MHz` hujumlisha na muda iliolala. Kiini kilichokuwa macho asilimia 10 ya muda kwa megahezi 3000 kitaonyesha `Avg_MHz` ya 300. Wengi huiona hiyo 300 wakadhani prosesa imebanwa, kumbe ilikuwa imelala, na ndivyo inavyotakiwa.

Nitajuaje wati zinazotumika?

Prosesa nyingi za Intel na AMD za Zen zina kaunta ya nishati iitwayo RAPL. Njia rahisi ya kuisoma ni hii:

```
sudo perf stat -a -e power/energy-pkg/ sleep 30
```

Jibu huja kwa juli. Gawanya kwa sekunde: juli 180 kwa sekunde 30 ni wati 6. Kaunta hiyohiyo ipo kwenye `/sys/class/powercap/intel-rapl:0/energy_uj`, kwa maikrojuli, na jina hilo la faili hubaki vilevile hata kwenye AMD. Tangu mwaka 2020 husomwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake, baada ya watafiti walioiita mbinu yao Platypus kuonyesha kwamba mabadiliko madogo ya nishati yanaweza kufichua funguo za siri.

RAPL haioni skrini, diski wala Wi-Fi. Ukitaka matumizi ya mashine nzima, chomoa chaja usome `/sys/class/power_supply/BAT0/power_now`, kwa maikrowati. Pasipo na faili hilo, zidisha `current_now` kwa `voltage_now`. Fanya hivyo kabla ya kuhangaika na prosesa: punguza mwanga wa skrini, soma tena, uone ni nani anayekula zaidi.

PowerTOP inafaa kwa nini?

Kumkamata anayeiamsha prosesa. Iendeshe kwa `sudo powertop`, nenda kwenye orodha ya kwanza, utaona programu zinazoiamsha mara nyingi kwa sekunde. Kichupo kimoja cha kivinjari kilichosahauliwa kinaweza kuharibu kazi yote ya kupanga masafa.

Kuhusu `powertop --auto-tune`, tahadhari: huwasha kila kipengele cha kuokoa umeme, ikiwemo kulaza vifaa vya USB. Panya au kibodi ikianza kuchelewa kuitika, chanzo ndicho hicho.

## Kubadilisha mipangilio

Kidhibiti changu ni `powersave`. Nibadilishe ili kompyuta iwe na kasi?

Hili ndilo swali linaloongoza. Jibu fupi: kama kiendeshi ni `intel_pstate`, au `amd-pstate-epp`, usibadilishe.

Kwenye viendeshi hivyo kuna vidhibiti viwili tu, `performance` na `powersave`, na tabia zake ni tofauti na zile za majina hayohayo kwenye `acpi-cpufreq`. `powersave` ya hapa hupanda hadi turbo mzigo ukija na hushuka ukiisha. Kwenye `acpi-cpufreq`, jina hilohilo hukwamisha prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Ushauri ulioandikwa kwa mashine moja ukinakiliwa kwenye nyingine huumiza, ndiyo maana tunasisitiza usome mstari wa `driver` kwanza.

Ukitaka kuhakikisha, fungua `turbostat` kwenye dirisha moja, na kwenye jingine endesha kazi nzito kama kukandamiza faili kubwa. `Bzy_MHz` ikipanda karibu na kilele, `powersave` inafanya kazi yake.

Basi nitarekebishaje mwelekeo bila kubadilisha kidhibiti?

Kwa upendeleo wa nishati, faili la `energy_performance_preference`. Kwa kawaida hukubali `performance`, `balance_performance`, `default`, `balance_power` na `power`. Thamani zako ziko kwenye `energy_performance_available_preferences`. Kuweka kwa viini vyote:

```
echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference
```

Kwa kompyuta mpakato inayotumia betri, `balance_power` ndiyo ya kujaribu mwanzo. `power` huifanya mashine isite kidogo kila unapofungua dirisha, na wengi huichoka mapema.

Nawekaje kikomo cha kasi ya juu?

```
sudo cpupower frequency-set -u 2.8GHz
```

Herufi `-u` ni kikomo cha juu, `-d` cha chini, `-g` kidhibiti. Amri hii hugusa viini vyote usipotaja kimoja. Ukiandika moja kwa moja kwenye `scaling_max_freq`, kumbuka kipimo ni kilohezi: gigahezi 2.8 ni 2800000.

Kwa joto na kelele za feni, hii ndiyo dawa tunayoipenda kuliko zote: ni laini, inarudishwa kwa amri moja, na unaweza kuishusha kidogokidogo hadi feni inyamaze.

Nazimaje turbo kabisa?

Kwenye `intel_pstate`:

```
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Kwenye `acpi-cpufreq`, na `amd-pstate` ya kerneli za karibuni, andika `0` kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`. Angalia namba zimegeuzana: upande mmoja 1 huzima, upande mwingine 0 ndiyo huzima.

Nimetumia `sudo echo` lakini naambiwa `Permission denied`. Kwa nini?

Kwa sababu `sudo` imeipa ruhusa `echo` peke yake. Mshale wa `>` hutekelezwa na sheli yako, isiyo na ruhusa ya root. Tumia `sudo tee` kama kwenye mifano ya juu.

Nikiwasha upya, kila kitu kinarudi kama zamani.

Ndiyo, mipangilio ya `/sys` haihifadhiwi kwenye diski. Ukiwa na amri moja tu ya kudumu, tengeneza huduma ndogo ya systemd. Weka yafuatayo kwenye `/etc/systemd/system/kikomo-prosesa.service`:

```
[Unit]
Description=Kikomo cha masafa ya prosesa

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/cpupower frequency-set -u 2.8GHz

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha `sudo systemctl enable --now kikomo-prosesa`. Ukitaka mipangilio tofauti kati ya chaja na betri, huduma hii haitoshi. Soma sehemu inayofuata.

## Programu zinazosimamia kwa niaba yako

TLP, power-profiles-daemon, tuned: nichague ipi?

Kwa mtu anayetumia GNOME au KDE na hataki kushughulika, `power-profiles-daemon` inatosha. Ina ngazi tatu, na terminali unaifikia hivi: `powerprofilesctl set power-saver`, au `balanced`, au `performance` pale mashine inapoikubali.

TLP ni ya anayetaka kupanga kila kitu kwenye faili moja, `/etc/tlp.conf`, kwa mistari kama `CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power` na `CPU_BOOST_ON_BAT=0`. Hugusa pia diski, Wi-Fi na USB. `sudo tlp-stat -p` hukuonyesha hali ya prosesa.

`tuned` ilikomaa kwenye seva. `tuned-adm list` huorodhesha wasifu uliopo, `tuned-adm active` husema upi unatumika. Fedora iliifanya ya kawaida hata kwenye kompyuta za mezani kuanzia toleo la 41 la mwaka 2024, ikishika nafasi ya `power-profiles-daemon`.

Naweza kuzitumia mbili pamoja?

Hapana. Zote huandika kwenye mafaili yaleyale, na anayeandika mwisho ndiye anayeshinda, hadi utakapochomoa chaja na mwingine aandike tena. Dalili yake ni mipangilio inayobadilika yenyewe. Angalia ni zipi zinaendeshwa:

```
systemctl list-units --type=service | grep -E 'tlp|tuned|power-profiles|auto-cpufreq'
```

Bakiza moja, nyingine zizime kwa `disable --now`, na `power-profiles-daemon` uifungie kwa `sudo systemctl mask`, kwa kuwa eneo-kazi linaweza kuiamsha tena. Huduma yako mwenyewe ya `kikomo-prosesa` nayo inahesabika hapa.

## Matatizo na hali zisizo za kawaida

Prosesa imeganda kwenye megahezi 400, na hakuna amri inayoisogeza.

Hakikisha kwanza si wewe wala programu: soma `scaling_max_freq`, na kwenye Intel soma pia `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/max_perf_pct`. Kama ziko juu, zuio linatoka kwenye vifaa, na kerneli haina kauli.

Chanzo cha kawaida kwenye kompyuta mpakato ni chaja isiyotambuliwa, au yenye wati chache kuliko zinazohitajika. Ubao mama hutuma ishara ya dharura, na prosesa hujibana hadi chini kabisa. Chomoa chaja: kasi ikirudi, umeshampata mhusika. Ikiwa sivyo, chunguza joto:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/cpu*/thermal_throttle/package_throttle_count
```

Namba zinazoongezeka wakati unatazama ni za prosesa inayojizuia kwa joto. Safisha feni na njia za hewa.

Utakutana na ushauri wa kuizima ile ishara ya dharura kwa `wrmsr`, amri inayoandika moja kwa moja kwenye rejista za prosesa. Hatuupendekezi. Ishara ipo ili kulinda saketi za umeme, na kuinyamazisha hakuondoi tatizo lililoifanya itumwe.

Nikiandika `energy_performance_preference` napata `Device or resource busy`.

Kidhibiti chako ni `performance`. Kikiwa hicho, `intel_pstate` hushikilia upendeleo kwenye thamani ya kasi na kukataa nyingine. Rudi `powersave` kwanza, kisha andika.

Nataka `userspace` au `schedutil` lakini hazimo kwenye orodha.

`intel_pstate` iko kwenye hali yake hai (`active`). Igeuze:

```
echo passive | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/status
```

Sasa `driver` itasomeka `intel_cpufreq`, na vidhibiti vya kawaida vitaonekana. Kwa AMD, hali huchaguliwa kwa `amd_pstate=passive`, `active` au `guided` kwenye vigezo vya kuwasha kerneli. Kumbuka, `cpupower frequency-set -f` hufanya kazi pale tu `userspace` inapopatikana.

Kwenye mashine pepe naambiwa `no or unknown cpufreq driver`.

Ni kawaida. Masafa husimamiwa na mashine mwenyeji, na mgeni hana cha kugusa.

Seva yangu inachelewa kujibu ikiwa haina kazi nyingi. Nizime ngazi za usingizi?

Huenda, ila kwa kipimo. Kiini kilicholala usingizi mzito huchukua muda kuamka, na `cpupower idle-info` huonyesha muda wa kila ngazi kwa maikrosekunde. Kuzima zinazozidi kiwango fulani:

```
sudo cpupower idle-set -D 50
```

Kuzirudisha zote: `sudo cpupower idle-set -E`. Usizime zote kwa hasira. Viini visivyolala hutafuna umeme na joto ambavyo kiini chenye kazi kingevitumia kupanda turbo, na programu inayotegemea kiini kimoja inaweza kupungua kasi.

Baadhi ya viini vyangu havifiki kasi ya vingine.

Prosesa mchanganyiko, kama Intel za tangu Alder Lake ya mwaka 2021, zina viini vikubwa na vidogo vyenye vilele tofauti. Thibitisha kwa `cpupower -c all frequency-info -l`.

Raspberry Pi yangu inapunguza kasi. `cpupower` haisemi sababu.

Uliza `vcgencmd get_throttled`. Jibu `0x0` ni salama. `0x50005` lina maana volti iko chini sasa hivi na kasi imebanwa, na yote mawili yametokea tangu iwashwe. `0x50000` ni kwamba yalitokea na yamepita. Hapo badilisha chaja au waya wa umeme; hakuna kidhibiti kitakachosaidia.

Naweza kushusha volti badala ya masafa?

Kwenye Intel za zamani kidogo iliwezekana kwa zana kama `intel-undervolt`. Shambulio la Plundervolt lilipotangazwa Desemba 2019, masasisho ya BIOS ya kompyuta nyingi yalifunga mlango huo. Amri ikikubali lakini volti haibadiliki, mlango umefungwa.

Kwenye Windows, macOS na FreeBSD natumia nini?

Windows ina `powercfg`. `powercfg /energy` huchunguza mfumo kwa sekunde 60 na kuandika ripoti ya HTML. Kikomo cha prosesa ukiwa kwenye betri huwekwa hivi:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Kwenye mashine nyingi 99 hutosha kuzima turbo.

macOS haikuruhusu kuchagua masafa, lakini `sudo powermetrics --samplers cpu_power` hupima vizuri, na `pmset -g` huonyesha mipangilio iliyopo. FreeBSD ina huduma ya `powerd`, na `sysctl dev.cpu.0.freq_levels` huorodhesha kila ngazi ya kasi pamoja na makadirio ya umeme wake kwa miliwati. Penye `-1`, makadirio hayapo.